Injini ya Pikapu ya Wakfu

Ningependa kuwahadithia ndugu wasomaji jambo lililonifika mimi mwenyewe, ingawa si katika mambo ninayopenda kuyataja. Magari si fani yangu. Kazi yangu tangu ujana ni kusomesha watoto Qur'ani na fiqhi. Lakini mtu akikaa siku nyingi juu ya gogo mlangoni mwa gereji, akitazama injini ikifunguliwa nati kwa nati, hujifunza kidogo apende asipende.

Chuo chetu hapa Handeni kina pikapu ya dizeli, Toyota Hilux kuukuu. Tulipewa mwaka 2006 na mfanyabiashara mmoja wa Korogwe, Mwenyezi Mungu amrehemu, naye aliiweka wakfu mbele ya mashahidi. Masharti yake yalikuwa mawili: ichukue maji na chakula cha wanafunzi, na ichukue maiti wa mtu yeyote asiye na uwezo bila ya kutozwa kitu. Anayeijua Handeni anajua maana ya sharti lile la maji. Kiangazi kikikaza, dumu la maji hapa lina heshima kuliko dumu la mafuta. Na maiti tumewachukua wengi, Waislamu na wasio Waislamu, kutoka vijiji ambavyo basi halifiki. Msimamizi wa wakfu huo ni mimi. Nilikubali kwa mdomo wangu, na jina langu limeandikwa.

Mwishoni mwa mwaka 2022 pikapu ikaanza kuchemsha. Nikaipeleka Korogwe kwa kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu, ambaye baada ya kuhitimu msahafu alijifunza ufundi na kufungua gereji yake ndogo upande wa Manundu. Jina lake sitalitaja, na sababu mtaiona. Akaifungua injini, akakuta gasketi ya hedi imeungua. Akaipeleka hedi kwenye mashine ikasawazishwa, akatia gasketi mpya, akafunga. Kisha akaniita pembeni.

"Maalim," akaniambia, "kazi niliyofanya ni nusu. Rejeta imeziba. Miaka yote tumeitia maji ya kisima, na chumvi imejenga ndani kama ile ya sufuria ya chai. Usiponunua rejeta nyingine na mipira yake, gasketi hii nayo itaungua, na safari hiyo haitakuwa gasketi peke yake."

Nikamwambia, "Inshaallah, mwanangu."

Fedha za rejeta nilikuwa nazo. Kamati ya chuo ilikwisha kunipa. Lakini paa la darasa la watoto wadogo lilikuwa linavuja, na mimi nikaona mabati ni bora kuliko rejeta. Nikanunua mabati, na watoto wakakaa pakavu. Nani angenilaumu? Walakini mafaqihi wamesema wazi kwamba mapato na mali ya wakfu huanzia katika kuutengeneza wakfu wenyewe usiharibike, ndipo wafuate wanaofaidika nao. Mlango huo nimewasomesha watu kwa zaidi ya miaka thelathini. Tena naujua kwa ibara yake. Na zaidi ya hayo, moyoni mwangu nilimdhania yule kijana kwamba anataka kuniuzia spea.

Hapa yafaa nieleze kidogo jinsi injini ya dizeli inavyofanya kazi, kwani wengi wetu tunapanda magari kama tunavyopanda punda, hatujui kilichomo ndani. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni huubana upepo ndani ya silinda hadi ukawa na moto mkali, kisha mafuta hurushwa humo kwa nozeli nayo yakawaka yenyewe. Aliyebuni jambo hili ni Mjerumani Rudolf Diesel, aliyepata hati yake mwaka 1893, mwaka ule ule ambao Wajerumani wenziwe walianza kujenga reli ya Tanga, iliyofika hapo Korogwe mwaka 1902. Basi mbano huo ni mkubwa sana, na kinachouzuia usitoke ni hedi iliyofungwa juu ya silinda kwa bolti, na gasketi katikati yake. Pembeni mwa moto wote huo hupita maji, yakichukua joto na kulipeleka kwenye rejeta. Maji yakikosa njia, chuma hupinda au hupasuka.

Siku yenyewe ilikuwa katika mwezi wa Rajabu 1444, yaani Februari 2023. Nilikuwa natoka Korogwe na magunia ya unga na sukari, tukijiandaa na Ramadhani. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kama kilomita 65, na siku hizi ni lami tupu. Zamani barabara ile ilikuwa ya vumbi, na gari halikuweza kukimbia hata dereva akipenda. Nilikuwa na darsa baada ya Magharibi, nami nilikwisha kuchelewa. Hatujafika Sindeni, mwanafunzi aliyekaa ubavuni pangu akasema, "Maalim, mshale wa joto umefika juu." Nikamwambia mshale huo ndio mazoea yake. Baada ya muda mfupi mvuke ukatoka mbele ukafunika kioo.

Nikasimama. Nikafungua boneti, nikashika kifuniko cha rejeta kwa taulo, nikakizungusha huku nimegeuza uso, maji ya moto yakaruka. Kisha nikachukua dumu nikamimina maji baridi ndani ya injini iliyokuwa inaungua. Wanaojua magari hapa watashika vichwa vyao. Mwanamke yeyote wa nyumbani anajua kwamba chungu kilichotoka motoni hakitiwi maji baridi, na mimi nililijua hilo kwa chungu nikalisahau kwa injini. Na badala ya kungoja nikawasha, nikaondoka. Tulikwenda kilomita tatu au nne. Ukaanza mgongo ndani ya injini, ko ko ko, kama mtu anayebisha hodi kwa nyundo. Kisha ikazima, na tulipojaribu kuiwasha tena haikuzunguka kabisa. Darsa sikuliwahi.

Kesho yake kamati ikakutana. Nikaeleza kwamba injini imekufa njiani. Mzee mmoja akauliza, "Kwani si majuzi tu ilifunguliwa na yule kijana wa Manundu?" Wote wakanitazama. Nami nikasema, "Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye."

Ndugu zangu, maneno hayo ni ya kweli na ni mazuri. Nami niliyatumia kama mtu anavyoangusha pazia. Sikumsingizia kijana yule kwa ulimi. Nilikaa kimya tu, ukimya wangu ukamsingizia. Kamati ikakata shauri kwamba pikapu isirudi kwake, na mmoja akasema vijana wa leo wanajifunza ufundi kwa magari ya watu. Nilimsikia, na sikujibu. Hata juma halijaisha, habari ilikuwa imefika Korogwe kwamba fundi fulani ameua gari la wakfu la sheikh wake. Wenye magari wawili watatu wakaenda kuyachukua magari yao kwake.

Pikapu ikafungwa kamba nyuma ya Fuso, ikakokotwa hadi Korogwe kwa fundi mwingine, mzee wa rika langu aliyeanza kazi akiwa kijana katika karakana ya shamba la mkonge. Ni mtu wa maneno machache. Akaishusha injini, akaifungua huku mimi nimekaa juu ya gogo. Oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akaing'oa hedi, akaifuta kwa dizeli, akanionyesha ufa mwembamba kati ya valvu mbili, kisha mwingine. Akaenda chini kwenye krenki, akatoa beringi zake: zilikuwa zimeyeyuka, na krenki imechimbika hata ukucha ukipita unakwama. Maji yaliingia katika oili, oili ikakosa ulaini, vyuma vikasagana.

Akaichukua gasketi akaigeuzageuza. "Nani alifunga hedi hii?"

Nikamtajia.

"Alifunga vizuri," akasema. "Gasketi ni nzima ila hapa penye ufa. Bolti zimekazwa sawasawa." Kisha akaishika rejeta, akaiinamisha na kuimiminia maji juu. Chini yakatoka matone. Akanitazama. "Sheikh, huyo kijana hakukwambia habari ya rejeta?"

Nikasema, "Aliniambia."

Hakuongeza neno. Akaenda kunawa mikono.

Sasa likaja suala la kufanya ovahoo au kutafuta injini nyingine. Mzee akanipigia hesabu. Kama hedi ingekuwa nzima, angeshauri tuitengeneze ile ile: silinda zikerezwe na kutiwa pistoni kubwa kidogo, krenki isagwe, beringi mpya, ringi mpya. Injini iliyotengenezwa na fundi unayemjua, alisema, unajua kilichomo ndani yake. Lakini hedi imepasuka, krenki imeliwa, na silinda moja ina mikwaruzo. Ukijumlisha hedi mpya na kazi zote za mashine kule Tanga, gharama inakaribia ile ya injini iliyotumika kutoka nje, na muda wa kungoja ni mrefu, hali ya kuwa Ramadhani iko mlangoni.

Hapo ndipo ilipokuja zamu ya fiqhi kunikaba shingo. Msimamizi wa wakfu ni mtu wa amana. Kitu kikiharibika mikononi mwake bila ya uzembe wake, halipi. Akizembea, hulipa. Watu wameniuliza masuala ya namna hii mara nyingi, nami nikawajibu bila ya kusita. Safari hii aliyeuliza ni mimi, na jibu lilikuwa lile lile. Nikauza ng'ombe wanne. Mke wangu hakunigombeza, ila maziwa ya wajukuu yalikuwa yakitoka kwa wawili kati ya hao, na asubuhi yake alipika chai ya rangi akaniwekea mbele bila ya kusema kitu.

Tukapanda basi na mzee fundi hadi Dar es Salaam, mtaa wa Gerezani. Asiyepaona hapo ni vigumu kumweleza: injini zimepangwa chini kama magogo, nyingine zimetoka Japani moja kwa moja, nyingine zimepitia Dubai, zote zimeoshwa na baadhi kupakwa rangi ya fedha. Injini yetu iliyokufa ilikuwa ile iitwayo 2L, ya ujazo wa sentimita 2,446. Mzee akasema tunaweza kutia 3L, ya 2,779, kwani ni ndugu wa tumbo moja. Zinakaa juu ya misingi ile ile na kushikana na giaboksi ile ile.

Duka la kwanza lilikuwa na maandishi ukutani kwamba mali ikishatoka hairudi. Nikamwambia mwenye duka, kwa mzaha nusu, kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii muuzaji akishurutisha kuepukana na kila aibu ya bidhaa, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti hilo humfaa katika aibu iliyofichika ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua, si katika bidhaa nyingine. Na injini si mnyama. Akacheka, lakini maandishi hakuyatoa. Mzee wangu akaomba injini iwashwe. Ikafungwa betri, ikapewa dizeli kutoka kwenye dumu, ikaunguruma vizuri nami nikafurahi. Yeye akafungua kifuniko cha kutilia oili akaweka kiganja. Upepo ukasukuma kiganja chake. "Ringi zimekwisha," akasema, tukatoka. La pili hatukukaa. Rangi mpya ilikuwa imepakwa hadi juu ya kutu.

Duka la tatu ni la kijana mdogo, nadhani hajafika miaka thelathini. Kabla hatujauliza kitu akasema, "Mzee, hii ni nzima, lakini sili ya nyuma ya krenki inavuja oili. Ukinunua uibadili kabla ya kuipandisha." Mzee akaitazama, akaiwasha, akaweka kiganja, akapima mbano wa silinda zote nne kwa geji yake. Ilikuwa kama alivyosema kijana. Tukanunua kwa milioni tatu na laki mbili, na risiti yenye namba ya injini.

Katika basi la kurudi sikuweza kulala. Muuzaji wa Gerezani, kichwa wazi, simu masikioni, alitaja aibu ya mali yake kabla ya kuulizwa. Mimi niliulizwa nikasema Mungu ndiye ajuaye.

Kazi ya kuipandisha ilichukua siku tatu. Mzee akabadili sili, akatia mkanda mpya wa taiming, akisema kwamba huo ukikatika gari likienda, valvu hugongana na pistoni na fedha zote zitakuwa zimetupwa mtoni. Rejeta ikanunuliwa mpya na mipira yake, na ndani tukatia maji maalumu ya rejeta, si ya kisima. Namba ya injini ikapelekwa TRA, kwani kadi ya gari ina namba ya chesisi na ya injini, na ukikutwa barabarani zimetofautiana utaonekana mwizi. Ile injini iliyokufa tukaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hilo nalo nililitazama kwanza, maana wakfu hauuzwi ovyo. Lakini Imamu Nawawi katika Minhaji ameitaja mikeka ya msikiti iliyochakaa na boriti zilizovunjika zisizofaa ila kuwa kuni, akaona kauli sahihi zaidi ni kujuzu kuziuza, nami nikaona chuma kile hakina tofauti na boriti hizo. Thamani yake iliingia katika rejeta.

Ijumaa ya mwisho ya Shaaban pikapu ikaja na kusimama mbele ya msikiti. Baada ya sala mwenyekiti wa kamati akasimama, akawaambia watu kwamba Sheikh wetu ametoa sadaka ya injini nzima kwa mali yake, ameuza ng'ombe wake kwa ajili ya watoto wa chuo. Watu wakasema mashaallah. Wengine wakaja kunishika mkono. Mtu mmoja mzima alikuwa akilia.

Nakiri kwamba kwa muda wa pumzi mbili tatu niliona vizuri. Kisha nikafikiri: hawa watatoka hapa na habari mbili, kwamba fundi kijana ameua injini, na kwamba mimi nimeifufua. Nikaomba nafasi. Nikawaambia kuwa ile si sadaka, ni deni. Nikawaambia habari ya rejeta, na ya mabati, na ya mshale, na ya maji baridi, na kwamba kijana wa Manundu aliniusia na kazi yake ilikuwa sahihi kwa ushahidi wa fundi aliyeifungua. Nikawaambia pia juu ya neno nililosema katika kamati na nilikusudia nini. Msikiti ukanyamaza. Wale waliokuwa wakinishika mkono hawakujua waiweke wapi mikono yao. Baadaye wawili katika kamati walinilaumu faraghani, wakasema ningemalizana na kijana kimya kimya nikaihifadhi heshima ya chuo. Huenda walikuwa na hoja. Lakini yeye jina lake halikuharibiwa kimya kimya.

Siku ile ile nikaenda Manundu. Gereji nikaikuta imefungwa. Jirani yake mshona viatu akaniambia amehamia Segera tangu siku kumi nyuma, kwa sababu kodi ilimshinda. Nikamfuata. Nilimkuta chini ya basi dogo, miguu tu ndiyo ionekanayo. Alipotoka akaniamkia kama kawaida yake, "Shikamoo Maalim," akataka kunibusu mkono nao wake una grisi. Nikamwambia kilichonileta. Alisikiliza akifuta spana moja kwa kitambaa muda wote, ingawa ilikwisha kuwa safi.

"Nimekusamehe, Maalim," akasema. "Wallahi nimekusamehe. Lakini mama aliumia sana. Ukipata nafasi mpitie."

Nilimpitia mama yake. Hayo yaliyopita baina yangu na yeye siyaandiki.

Korogwe hakurudi. Baadhi ya wateja wake wa zamani wanamfuata Segera, baadhi hawakurejea tena, na fedha ya kodi niliyompelekea aliikataa mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu aliipokea kwa ajili ya mama yake. Pikapu inaendelea na kazi zake mbili. Kila niendapo Tanga hupitia kwake akatazama maji na oili. Mimi hutaka kushuka nifungue boneti upesi nipate kuendelea na safari, naye huja na kuegemea mlango wangu. "Zima kwanza, Maalim," huniambia. "Ipoe." Nami huzima, tukakaa juu ya tairi kuukuu, tukangoja.